Aliyeshika Upande wa Pili

Abiria aliyepanda pikipiki ya Mshale asubuhi ile alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Ukinifikisha kwa dakika kumi, nakuongeza."

"Kumi mbona nyingi, bosi," Mshale alijibu, na waendesha bodaboda wenzake pale kituoni wakacheka kwa sababu walijua hasemi utani. Jina la Mshale hakujipachika mwenyewe. Kituo kizima ndicho kilichombandika, maana pale ambapo wengine husubiri foleni isogee, yeye alikuwa akiona njia: kati ya basi na mtaro, kati ya kioo cha gari hili na kioo cha gari lile. Miaka sita barabarani, na alama aliyokuwa nayo ni mkwaruzo mmoja wa kiwiko.

Alimpa abiria helmeti. Abiria akainusa, akakunja pua, akairudisha. Mshale akaitundika kwenye usukani. Yake aliivaa, mkanda ukining'inia bila kufungwa.

Foleni ilianzia kwenye karakana za maseremala. Magari yalikuwa yamesimama tuli, madereva wengine wamezima injini. "Pita pembeni," abiria alimwambia sikioni. Na ili ukweli wote ujulikane, abiria alisema hivyo, lakini pikipiki ilikuwa imeshaingia pembeni kabla hajamaliza kusema. Pembeni ni pale penye vumbi, panapopita waenda kwa miguu. Wawili watatu wakaruka kando, mmoja akatukana. Mshale akapiga honi na kuongeza mwendo.

Mtoto alitokea mbele ya basi lililosimama. Msichana wa miaka minane hivi, sare ya shule, soksi zimevutwa mpaka magotini. Mshale aliona begi la bluu, kisha akaona jicho moja lililofunguka sana, basi. Mlio alioukumbuka baadaye haukuwa wa kishindo. Ulikuwa mdogo, mkavu, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto.

Alipopata fahamu alikuwa mtaroni, pikipiki ikimlalia mguu, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Abiria alikuwa amesimama. Akajipangusa shati, akatazama saa, akasema, "Aisee, pole," akasimamisha bodaboda nyingine na kuondoka. Hakuna aliyemzuia.

Watu walishajaa. Mshale hakujua walitoka wapi kwa kasi ile. Mtu alimtoa mtaroni kwa ukosi wa jaketi, mwingine akamkanyaga shingo.

"Ndio hawa hawa! Kila siku wanatumalizia watoto!"

"Mnamsubirisha nini? Mafuta si haya hapa kwenye tangi lake?"

Alisikia mpira wa petroli ukichomolewa, akasikia harufu. Mwanamke mmoja alikuwa akisema, "Jamani, jamani," bila kuendelea. Mshale alijaribu kuomba msamaha lakini mdomo ulikuwa umejaa mchanga. Alimwona mtu aliyeshika jiwe la ukubwa wa tikiti, mtu wa makamo, amevaa vizuri, mtu ambaye siku nyingine angekuwa abiria wake.

Ndipo baba wa mtoto akaja.

Alikuwa seremala wa karakana iliyotazamana na pale pale. Alikuja na aproni, nyusi zimejaa unga wa mbao, penseli ingali sikioni. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka sikio mdomoni kwa mtoto, akakaa hivyo mpaka watu wote wakanyamaza wenyewe.

"Anapumua," alisema.

"Fundi, huyu hapa!" sauti zikalipuka upya. "Tumekushikia. Wewe sema neno moja tu!"

Seremala hakumtazama hata. Alikuwa akitazama paja la mwanawe, lilivyopinda mahali pasipopinda. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nileteeni fito mbili, zile nilizopiga randa leo. Na mlango wa kabati uliolala mezani." Vikaletwa. Aliufunga ule mguu kwa fito na vipande vya aproni aliyoichana kwa meno, taratibu, pasipo kuunyoosha, na vidole vyake havikutetemeka hata mara moja. Mtoto alizinduka na kulia. "Nipo, mama," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. "Lia tu, mama. Baba yupo." Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, lakini mikono ilikuwa ya mtu anayepima kitu asichotaka kukikosea.

Mshale, akiwa chini ya kiatu cha mtu, aliona yote hayo. Alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile. Alisahau kidogo kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu kuuawa.

Walipokwisha kumlaza mtoto juu ya mlango wa kabati, seremala aliinua uso kwa mara ya kwanza. Akatupia macho umati. Akamnyooshea Mshale kidole.

"Wewe uliyemgonga. Njoo ushike upande huu."

Kiatu kikaondoka shingoni. Mshale aliinuka, akashika. Waliinua pamoja, na umati ukapasuka katikati. Yule mwenye jiwe alisogea nyuma hatua mbili kuwapisha, jiwe limemkaa mikononi kama kitu asichojua pa kukiweka. Waendesha bodaboda walikuwa wamefunga barabara kwa pikipiki zao na kusimamisha pikapu. Mshale alikwenda hospitali akiwa amepiga magoti nyuma ya pikapu ile, ameshika mlango usitikisike, na kila shimo barabarani lilimpita mgongoni kama msumari. Barabara ile aliipita mara ishirini kwa siku. Hakujua ina mashimo mengi kiasi kile.

*

Kichwa kilikuwa salama. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika vipande viwili. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, na baba mtu akaitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

Polisi walimkuta Mshale koridoni, kwenye sakafu, maana hakuthubutu kukaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Leseni yake ilikuwa imekwisha tangu mwaka juzi. Askari aliisoma tarehe kwa sauti, mara mbili, watu wakageuka kumtazama. Kisha akamgeukia seremala. "Mzee, wewe ulionaje?"

Mshale alimtazama yule mtu aliyemtoa chini ya mawe. Moyoni alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba huyu ni mtu wa namna nyingine, huyu ataniokoa tena.

"Alipita pembeni, panapopita watu," seremala alisema. "Kwa kasi. Honi nilisikia, breki sikusikia. Andika hivyo hivyo."

Askari akaandika. Mshale akainamisha kichwa. Hapakuwa na hata neno moja la uongo.

Aliporudi nyumbani jioni, dhamana imewekwa na mwenyekiti wa kituo chao, mke wake alikuwa kibarazani akimsuka mteja. Habari zilimtangulia. Mteja aliona sura ya Mshale, akasema atakuja kumaliziwa kesho, akaondoka nusu kichwa kimesukwa na nusu kimetimka. Mke hakuuliza pikipiki iko wapi.

"Mtoto yu hai?"

"Yu hai."

"Umri gani?"

"Kama wa kwetu mkubwa."

Mke akakaa chini palepale kwenye mkeka, kitana kingali mkononi. Watoto wao wawili walikuwa ndani wakigombania redio. "Baba watoto," alisema, "kesho tunakwenda kuwaona."

"Wataniua."

"Hawakukuua leo. Kesho tunakwenda."

*

Mama wa mtoto alikuwa ameketi kando ya kitanda, mkono juu ya kifua cha mwanawe, kana kwamba akiuondoa pumzi itasimama. Plasta ilianzia chini ya mbavu za mtoto ikashuka mpaka kwenye vidole vya mguu, mguu wa pili mpaka gotini, na kijiti cha kuitanua miguu kimefungwa katikati. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka.

Mshale alibaki mlangoni. Mke wake alipiga goti na kuweka chupa ya chai juu ya kabati dogo. "Dada, hatuna la kusema. Tumekuja tu."

Mama mtu aliitazama chupa. Akainuka, akaichukua kwa vidole viwili, akavuka wodi nzima huku wagonjwa wakimfuata kwa macho, akaiweka chini nje ya mlango. Akarudi kukaa. "Wanao wazima?" aliuliza.

"Wazima, dada."

"Basi nenda ukawatazame."

Mke wa Mshale alitoka, akainama, akaokota chupa yake mbele za watu. Hakulia mpaka walipofika getini. "Angenipiga kibao ningemshukuru," alisema.

Hapo getini ndipo seremala alipowafikia. Alikuwa ametembea haraka. Alisimama mbele ya Mshale, na kwa mara ya kwanza wakatazamana usoni.

"Sijakusamehe," alisema. "Nakwambia mapema usije ukajidanganya. Kesi yako iende inavyokwenda. Lakini Ijumaa wanaturuhusu turudi nyumbani, na mtoto atakaa na ile plasta wiki sita. Ni nzito. Kila baada ya muda inabidi ageuzwe, ama sivyo mgongo utatoka vidonda. Chumba chetu kiko nyuma ya karakana, juu, ngazi kumi na tisa. Mke wangu hawezi kubeba. Na mimi peke yangu siwezi pasipo kumtikisa. Uje saa moja asubuhi. Ukae mpaka jioni tumpandishe."

"Nitakuja," Mshale alisema.

"Sikukuuliza kama utakuja," seremala alisema, akarudi ndani.

*

Alikwenda kwa miguu. Mwendo wa dakika tano kwa pikipiki ulikuwa wa saa nzima kwa miguu, na saa hiyo aliitembea asubuhi na akaitembea tena jioni. Wenzake walimpita wakipiga honi. Siku za kwanza walimtania: "Mshale, umekuwa kobe?" Siku ya nne wakaacha.

Seremala alikuwa ametengeneza kitanda chembamba cha kubebea, vishikio vinne, vimepigwa msasa mpaka vikawa laini kama sabuni. Kila asubuhi walimshusha mtoto ngazi zote kumi na tisa, seremala mbele akishuka kinyumenyume, Mshale nyuma, wakihesabu pamoja kwa sauti ya chini. Walimweka karakanani penye kivuli, aone watu. Kila baada ya saa mbili walimgeuza. Mshale alijifunza kuweka kiganja chini ya nyonga na kingine chini ya bega, na kungoja kichwa cha seremala kiiname, ndipo wageuze kwa pumzi moja. Katikati ya hayo alifagia unga wa mbao, alishika ubao ukikatwa, alichota maji. Hakulipwa, wala hakutazamia. Jioni alikuwa akifua nguo za watu nyumbani, yeye mwanamume mzima, na majirani wakipita wanakohoa makusudi. Nyumba ilisimama kwa vidole vya mke wake.

Wiki ya kwanza mtoto hakumsemesha. Wiki ya pili, baba yake akiwa amekwenda kupima dirisha la mtu, alimwita.

"Wewe ndiye uliyenigonga?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nampeleka mtu. Alikuwa na haraka."

"Alifika?"

Mshale aliacha kufagia. Majuma mawili mazima alikuwa amefikiria mambo yote, mawe, polisi, plasta, lakini hilo halikumjia hata siku moja.

"Sijui," alisema.

"Hukumuuliza?"

"Sikumwona tena."

"Mimi ningetaka kujua," mtoto alisema, akageuza macho barabarani, kama anayemhurumia mtu aliyefanya kazi kubwa isiyojulikana imeishia wapi.

Mama yake alipita nyuma yao akiwa na beseni. Alikuwa amesikia. Mama yule alikuwa hamsemeshi Mshale hata neno. Akitaka ahame alisimama tu karibu naye mpaka ahame. Lakini jioni ile alimwambia mumewe, kwa sauti ya kumfikia Mshale, kwamba nywele za mtoto zimeshikana kisogoni kwa kulalia, kitana hakipiti, mtoto analia, na eti amesikia kuna mtu ana mke msusi.

Mke wa Mshale alikuja kesho yake asubuhi. Alikaa kichwani kwa mtoto saa tatu, akifumua fundo moja moja kwa mafuta na ncha ya kitana. Mama mtu alishika kichwa kisiyumbe. Wanawake wale wawili walikuwa wameinamiana karibu kiasi cha kugusana mapaji ya uso, na katika saa zote tatu walisemezana mara moja tu.

"Hapo panauma," mama alisema.

"Nimepaona, dada."

*

Hakimu alimtoza faini na kumzuia kuendesha mwaka mzima. Pikipiki iliuzwa, fedha zikaenda kwenye faini na hospitali, na mwenyekiti wa kituo akamwambia nafasi yake watamwekea. Siku ya hukumu seremala alikuwa mahakamani, akasema tena yale yale aliyosema koridoni, neno kwa neno. Kisha wakatembea pamoja kurudi karakanani, kwa sababu mtoto alikuwa hajageuzwa tangu saa nne.

Njiani Mshale alipata ujasiri.

"Fundi, niulize?"

"Uliza."

"Siku ile. Watu walikuwa wamenishika. Wewe ukaniita nishike mlango. Ulitaka wasiniue?"

Seremala alitembea hatua kadhaa. Alikuwa mtu asiyejibu kitu kabla hajakipima.

"Sikukufikiria," alisema. "Nisikudanganye. Nilihitaji mtu wa kushika upande wa pili, na wengine wote walikuwa wameshika mawe."

Mshale alisimama. Seremala aliendelea na safari yake, akivuka barabara baada ya kutazama huku na huku, mtu mfupi mwenye mabega mapana na penseli sikioni. Wengine siku ile walikuwa wakimtazama Mshale. Seremala peke yake alikuwa akimtazama mtoto. Na kwa sababu hiyo tu, yeye Mshale alikuwa hai, anakanyaga ardhi, ana watoto wawili wanaogombania redio. Ilibidi akimbie kidogo ili amfikie.

*

Siku ya kuondoa plasta walikwenda wote hospitali, Mshale akishika upande wake wa kitanda. Daktari aliweka picha mbili kwenye mwanga, ya kwanza na ya leo. Ya kwanza Mshale aliifahamu. Katika ya leo, pale penye mwanya, palikuwa na kitu kama wingu, cheupe, kinene, kimezunguka vile vipande viwili.

"Hicho ni nini, daktari?" mama aliuliza.

"Mfupa mpya."

"Nani ameuweka?"

"Hakuna aliyeuweka. Sisi tulimfunga tu asitikisike. Ameuotesha mwenyewe, akiwa amelala."

Seremala alisogea mpaka pua ikakaribia picha. Maisha yake yote alikuwa akiunga vitu vilivyokatika, kwa gundi na misumari. "Mwenyewe," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu ajali ile vidole vyake vilitetemeka.

Mguu uliotoka ndani ya plasta ulikuwa mwembamba, umepauka, umejaa magamba, kama wa mtu mwingine. Mtoto aliutazama na kucheka kwa aibu. Dada wa mazoezi alimsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Baba alisimama upande mmoja, mama upande mwingine. Mshale alijibanza ukutani karibu na mlango.

Mtoto alisimama. Goti likatetemeka kama uzi, wote wakanyoosha mikono, naye akatikisa kichwa: hapana. Alinyanyua ule mguu kwa namna mtu anavyonyanyua kitu cha kuazima, akaushusha mbele. Akauegemea. Ukamshika. Akavuta wa pili. Hata mzee aliyekuwa akifanya mazoezi ya mkono kwenye kona aliacha. Hatua ya tatu. Ya nne. Mwisho wa vyuma aligeuza uso, jasho mpaka kwenye kope, akasema, "Nimefika."

Mshale alitoka koridoni akaegemea ukuta. Hakuwa na furaha, au labda ilikuwa furaha, lakini ilikuwa kubwa mno kwake, na nusu yake ilikuwa hofu. Kitu alichokivunja kwa nukta moja kilikuwa kimejengwa wiki sita gizani, chini ya plasta, na hakuna aliyejua kwa mkono gani. Alifunika uso na kulia pasipo sauti.

Mlango ulifunguka. Alikuwa mama wa mtoto. Alisimama mbele yake, kama alivyozoea kusimama akitaka ahame, na Mshale akajisogeza upesi ampishe.

"Kesho usije," alimwambia.

Mshale alifuta uso. Alijua siku hiyo ingefika. "Sawa, mama."

"Kesho atazishuka ngazi mwenyewe. Sisi tutakuwa pembeni." Akashika kitasa cha mlango. "Usije kumbeba. Habebwi tena."

Akarudi ndani. Alikuwa amemsemesha.

Mshale alitoka getini saa kumi, saa ambayo shule zinaachia watoto na maofisi yanaanza kumwaga watu. Alitembea kidogo, kisha akashindwa kutembea. Alisimama kando ya barabara, pale pale pembeni penye vumbi, akatazama. Walikuwa wakipita mamia. Mwanamke mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mzee anayeburuta viatu. Vijana wanasukumana. Watoto wa shule kundi zima, soksi juu, soksi chini, wanaruka mtaro mmoja baada ya mwingine kama si kitu. Kila mmoja ananyanyua mguu, anaushusha, anauegemea, nao unamshika. Miaka sita aliwapita hao kwa mwendo wa mshale, akiwaona kama vitu vya kukwepa.

Bodaboda ikafunga breki mbele yake. "Oya, Mshale! Panda nikusogeze, bure."

"Asante, ndugu yangu," alisema, macho hayajatoka kwa wale watu. "Ngoja kwanza. Wanapita."